Wiki ya tatu Tromsø, majirani hawaitikii salamu. Nakosea wapi?

MwanaTanga
Wakubwa shikamooni, wengine habari zenu. Niko Tromsø, kaskazini mwa Norwei, kimasomo. Mji wenyewe uko kisiwani. Milima imeota moja kwa moja kutoka baharini, theluji mpaka ufukweni, lakini bahari haigandi. Jua lilizama mwishoni mwa Novemba na halichomozi tena mpaka Januari. Saa sita mchana mbingu inakuwa buluu kama magharibi ya kwetu, saa nane ni usiku. Jana nilisimama kwenye daraja la kwenda bara nikatamani mama angeona.

Kinachoniumiza ni watu. Mama wa ghorofa ya 2 nikimsalimia anatazama funguo zake. Kwenye basi watu wanasimama na kiti cha pembeni yangu kiko wazi. Nimelelewa kwamba kumpita mtu kimya ni kumdharau. Halafu Jumapili nilipanda mlima, kila niliyepishana naye akanisalimia! Mzee mmoja hata alisimama kuniuliza mbona viatu vyangu havina meno. Nishike lipi?

BintiMakunduchi
Marahaba mwanangu. Nina miaka 19 Norwei. Hicho kiti usikiweke moyoni, hata wao kwa wao hawakaliani. Kumwachia mtu nafasi yake ndiyo adabu yao. Mlimani ni kwingine, ukiteguka mguu msaada wako ni huyo anayepita. Sema "hei", pita, usisubiri jibu. Na unywe tran, mafuta ya ini la samaki, kijiko kila siku. Bila jua vitamini D inakwisha mwilini.

Mkenya_Oslo
Mama kasema vizuri, lakini si kila kitu ni adabu. Mtu akihama kiti baada ya wewe kukaa, hiyo ni dharau, iite jina lake. Mimi nilijilaumu mwaka mzima bure.

MpareHalisi
Mkuu, theluji ikiyeyuka subiri tangazo la dugnad mlangoni. Ni msaragambo kabisa! Jengo zima mnatoka kufagia na kupaka rangi, kisha kahawa. Jirani yangu alinisemesha mara ya kwanza tukiwa tumeshika toroli moja la majani makavu, sasa ananiachia ufunguo akisafiri. Na hayo meno ya viatu yanaitwa brodder, nunua leo. Mimi niliahirisha, nikavunjika mkono.

MwanaTanga
Asanteni sana. Brodder kesho asubuhi. Bi mkubwa, hiyo tran ni duka la dawa?

BintiMakunduchi
Hata duka la vyakula ipo. Chukua yenye ladha ya limau.