Camaro Z/28 ya 1969: namba za injini zinaoana na chesisi, lakini bloku linanitia wasiwasi

MtuWaTanga (Columbus, Ohio)

Shikamooni wakubwa, na wenzangu habari za leo.

Naomba msaada kabla sijatoa pesa. Kuna Chevrolet Camaro Z/28 (lile toleo la mbio) ya mwaka 1969 ipo Kentucky, anaiuza kijana aliyefiwa na baba yake mwaka jana. Imekaa gereji muda mrefu, rangi imepauka, sakafu ina kutu upande wa dereva. Kijana anasema injini ni ileile iliyotoka nayo kiwandani, na bei aliyoitaja inafuata maneno hayo. Kama injini siyo yenyewe, bei hiyo siiwezi.

Jumamosi nilikwenda. Kibati cha chesisi juu ya dashibodi kinaanza 124379N6, tarakimu zinazofuata nazificha. Kibati cha bodi, kule kwenye ukuta wa nyuma ya injini, kina X33 na 04A. Nikainama kwenye bloku, mbele kulia, chini ya silinda hedi, pale panapofichwa na altaneta. Pamegongwa V0320DZ, na pembeni yake 19N6 pamoja na tarakimu zilezile za chesisi. Mikono ilinitetemeka kwa furaha. Nyumbani tumezoea kwamba namba ya injini ikilingana na ya kwenye kadi ya gari, mjadala umekwisha.

Njiani kurudi nilisimama kuweka mafuta, nikaikuza picha kwenye simu. Pale palipogongwa namba pana uterezi kama kioo, hapana hata mkwaruzo. Halafu ile 6 imeinama kidogo kuliko wenzake. Je, niogope, au najitia hofu bure?

Fundi_wa_Ng'ambo (Cincinnati)

Marahaba mdogo wangu. Umeuliza kabla ya kulipa, mimi sikuuliza. Mwaka 2011 nilinunua Camaro SS (toleo jingine la Camaro) ya 1969 kwa sababu namba zilisomeka sawasawa. Miaka mitatu baadaye nilipoishusha injini, nikakuta bloku limemiminwa mwaka 1974. Tofauti ya pesa niliyolipa kwa ajili ya namba zile ilikuwa pesa ya kuezeka nyumba ya mama Morogoro. Nyumba ikakaa bila bati misimu miwili ya mvua. Kwa hiyo nitakuandikia kwa urefu, nivumilie.

Namba ziache kwanza, kitazame chuma chenyewe. Kule Flint, Michigan, kwenye kiwanda cha injini, uso wa juu wa bloku ulikwanguliwa na mashine yenye meno mengi yanayopita mara moja, kutoka mbele kwenda nyuma. Meno yaliacha mistari myembamba iliyonyooka, kama alama za kitana kwenye nywele zilizopakwa mafuta. Kile kipande kidogo chenye namba ni sehemu ya uso huohuo, kwa hiyo mistari lazima ipite hapo pia, na namba zigongwe juu yake. Mtu akipiga skimu bloku, yaani akiukwangua uso huo upya, mistari inaondoka na namba zinaondoka nayo. Skimu ya kawaida ya mtaani huacha alama za mviringo, au hupang'arisha kama ulivyoona wewe. Baada ya hapo kinachobaki ni mtu mwenye nyundo na seti ya herufi za kununua.

Hata hivyo uterezi peke yake sihukumu nao. Wapo waliopiga msasa pale ili namba zisomeke tu, wakaharibu ushahidi wao wenyewe. Wewe usithubutu. Chukua dawa ya kusafishia breki, mswaki laini na kitambaa. Tochi ilaze ubavu karibu kabisa na chuma, mwanga upite kando, ndipo upige picha.

Sasa namba. V ni Flint, 0320 ni tarehe 20 Machi injini ilipomaliza kuunganishwa, DZ ni injini ya inchi za ujazo 302 ya Z/28 ya 1969. Hiyo iligongwa Flint. Ile ya pili, 1 ni Chevrolet, 9 ni mwaka, N ni kiwanda cha magari cha Norwood, Ohio, kisha namba ya mfuatano ya gari. Iligongwa Norwood, injini ilipokutana na gari lake. (Kiwanda kilifungwa mwaka 1987. Kila nikipita Norwood napunguza mwendo.) Viwanda viwili, mikono miwili, vifaa viwili. Kina cha namba, nafasi kati yake na unyoofu wa mstari havitakiwi kufanana mno. Ukiona zote mbili kama zimeandikwa na mtu mmoja siku moja, shtuka. Hiyo 6 iliyoinama usiipe uzito sana: herufi zilishikwa pamoja kwenye kishikio na kugongwa kwa pigo moja, lakini kishikio kikichakaa, moja inaweza kucheza.

Angalia pia juu ya filta ya oili. Baadhi ya Camaro za 1969 ziligongwa namba ya gari pale, kwenye chuma kisichochongwa. Skimu haifiki huko.

Lakini jibu lako liko nyuma ya injini. Pale bloku linapoungana na giaboksi, upande wa dereva kuna namba ya bloku, na upande wa abiria, ambao huku ni kulia, kuna tarehe ya kumiminwa. Hizi hazikugongwa, zilitoka pamoja na chuma, zimevimba. Tarehe ni herufi ya mwezi, A Januari mpaka L Desemba, kisha siku, kisha tarakimu ya mwisho ya mwaka. Bloku humiminwa, ndipo injini iunganishwe, ndipo gari litoke. Injini ya 20 Machi kwenye bodi ya wiki ya kwanza ya Aprili (ndiyo maana ya hiyo 04A) inataka bloku lenye B au C na mwisho 9. Chukua kioo kidogo cha mkono na tochi, pakwangue grisi polepole.

Kwa nini nasisitiza nyuma? Kwa sababu 302 ni rahisi sana kuigiza. Tundu la pistoni lina kipenyo cha inchi 4, sawa kabisa na la injini ya Chevrolet ya inchi za ujazo 350. Kinachotofautiana ni krenki: ya 302 inasukuma pistoni inchi 3, ya 350 inchi 3.48. Na krenki ya 302 ya 1969 inakaa vizuri kwenye bloku la 350. Mtu anaweza kukuuzia injini inayonguruma kama 302, na ndani ni 302 kweli, lakini bloku limetoka kwenye gari jingine la miaka ya sabini.

Mjukuu wa Likoni (Houston)

Ndugu yangu, sikiza mzee hapo juu. Mimi naongeza machache.

Giaboksi ya Muncie (ndiyo giaboksi ya gia nne ya magari haya) nayo iligongwa namba ya gari, na watu wachache hukumbuka kuigushi. Ingia chini uitafute. Halafu kuna namba ya gari iliyofichwa kwenye ukuta wa injini, chini ya kile kifuniko chenye matundu ya hewa mbele ya kioo. Mwombe mwenye gari akuruhusu kukifungua. Ribiti za kibati cha dashibodi ziwe na umbo la ua lenye petali sita. Ukikuta ribiti za kawaida, ondoka, hapo tunaongea mambo ya sheria ya shirikisho, si bei tena.

X33 maana yake Z/28 yenye mapambo ya ziada ya nje, lakini vibati vya bodi vinatengenezwa upya na kuuzwa, kwa hivyo usikitegemee peke yake. Uliza pia kama kuna karatasi ya kiwandani juu ya tangi la petroli au chini ya springi za kiti cha nyuma. Ingekuwa Pontiac, chapa nyingine ya General Motors, ingekuwa rahisi, kumbukumbu zake zipo na unazilipia. Camaro iliyouzwa hapa Marekani haina rekodi ya namna hiyo, chuma chenyewe ndicho shahidi.

MtuWaTanga

Wakubwa, nimerudi kutoka Kentucky usiku huu.

Nilisafisha kama mlivyonielekeza. Hakuna mstari hata mmoja, na zile namba mbili zina kina kimoja kabisa. Juu ya filta hamna kitu. Nyuma ya injini nilitumia kioo cha mke wangu na karibu saa nzima. Upande wa dereva: 3970010. Upande wa abiria: J 14 1.

Nilihesabu kwa vidole mara tatu. Oktoba 14, 1971. Gari la Aprili 1969.

Giaboksi imesoma P9C18B, na namba ya gari imo, yenye kutu, imefunikwa na uchafu wa miaka. Chini ya kifuniko cha hewa namba ipo na inaoana. Ribiti ni maua.

Kijana nilimwonyesha yote. Alikaa juu ya tairi, akanyamaza muda. Baba yake aliinunua mwaka 1989, akafa akiamini. Nilimwambia bei ninayoweza kwa gari lenye bodi na giaboksi yake lakini injini ya kupandikizwa. Ameomba mpaka Jumapili azungumze na mama yake.

Fundi_wa_Ng'ambo

Pole kwa safari, na hongera kwa saa nzima ya kioo. Namba 3970010 ilitumika hata kwenye 302 za 1969, kwa hiyo ungeishia upande wa dereva ungerudi umeridhika. Hiyo J 14 1 ndiyo iliyosema.

P9C18B ni Muncie ya 18 Machi 1969, B ni ile M21, aina mojawapo ya Muncie. M21 ziliwekwa hata kwenye SS, kwa hiyo peke yake haifanyi gari kuwa Z/28, lakini ikiwa na namba ya gari hilo, pamoja na X33 na namba iliyofichwa, mimi bodi hiyo ningeinunua.

Wakikubali, kwenye hati ya mauzo mwandike wazi kwamba injini si ya asili, na tarehe ya bloku muitaje. Piga picha ya J 14 1 uiweke pamoja na karatasi za gari, ili atakayelinunua kwako asipatwe na lililonipata mimi. Na kwa mama wa huyo kijana nenda naye taratibu, usimharakishe, ana msiba.

Mimi nina treila, na Kentucky kwangu ni kuvuka daraja tu. Nitumie ujumbe wa faragha Jumapili jioni.