Naomba ushauri: Rwanda ikitulia, sisi wa mpakani tunapona au tunaumia?

Mtoto wa Kabale (mleta uzi)
Habari za jioni wadau. Nina wiki mbili sipati usingizi. Mimi ni mfanyabiashara wa nafaka, nanunua mahindi Masindi na Kiryandongo, nayaleta huku Kabale, nawauzia wanaovusha. Sasa nimeona kiwanja Katuna, mpakani na Rwanda, futi 50 kwa 100, dakika tano kwa miguu kutoka getini. Nataka nijenge stoo.

Kinachonikosesha raha ni siasa. Wengine wananiambia jenga, Rwanda imetulia, barabara zao safi, hakuna fujo, mteja analipa. Wengine wanasema jirani aliyetulia na hakupendi ni hatari kuliko jirani mwenye vita, maana ana nafasi ya kukuwaza. Wiki iliyopita nilivuka nijionee mwenyewe. Nilifika Katuna saa nne asubuhi, saa tatu na nusu nikawa nimekaa mgahawani Gatuna, upande wa Rwanda, na kikombe cha chai ya maziwa. Nilihesabu malori kumi na saba kabla chai haijaisha.

Nyinyi mnaozijua siasa za ukanda huu: utulivu wa yule jirani ni amani kwetu, au ni balaa linalojipanga taratibu? Msinitukane tafadhali.

Jogoo la Owino
Mtu anauliza stoo ya mahindi kana kwamba anaunda jeshi. Kaka, kunywa maji ulale.

Afande Mstaafu
Kijana, hilo nitalijibu mimi. Juni 2000 nilikuwa Kisangani, Kongo, na jeshi letu. Siku sita. Ng'ambo ya mto Tshopo walikuwa askari wa Rwanda, ambao baadhi yao tulikula posho sufuria moja porini Luweero tukimpigania Museveni. Kiswahili chao ndicho changu, kwa hiyo matusi tuliyotukanana kwenye redio tuliyaelewa yote, hakuna aliyehitaji mkalimani. Wakati huo Kampala ilikuwa shwari na Kigali shwari, watu wanakunywa bia na kutazama mpira. Makombora yalikuwa yanaangukia nyumba za Wakongo ambao hawakumkosea mtu. Walikufa mamia.

Mnasema nchi mbili zikitulia ukanda unapata amani. Sisi tulikuwa tumetulia wote wawili, tukaenda kupigania kwa mtu wa tatu. Februari 2022 Mahakama ya Kimataifa kule Hague ikaamuru Uganda iilipe Kongo dola milioni 325. Hizo zinatoka kwenye kodi ya mahindi yako.

Mambo ya stoo sijui.

Binti wa Kisoro
Heshima yako afande, lakini mwaka 2000 ni zamani. Mimi nakaa karibu na Bunagana, mpakani na Kongo. Tarehe 13 Juni 2022 waasi wa Kongo wa M23 walipouchukua ule mji, watu walivuka kwetu kama maji, na askari wa Kongo nao wakavuka. Kuna mama alilala kwenye baraza yetu. Mtoto mgongoni, cherehani kichwani, na kuku amemshika miguu. Asubuhi akaniomba kijiko cha mafuta, nikadhani ni ya kupikia, kumbe anataka kuitia cherehani isipate kutu.

Wataalamu wa Umoja wa Mataifa wameandika mara nyingi kwamba Rwanda iko nyuma ya M23. Kigali inakana. Sisi pia tulitajwa, na serikali yetu ikakana. Januari 2025 Goma ikaanguka. Kwa hiyo kaka wa Kabale, mimi niko upande wa wale wanaokutisha. Nyumba ikiwa na chakula, ulinzi na nidhamu, nguvu zinazobaki zinatafuta pa kwenda.

Mwalimu wa Kasese
Na mimi napinga moja kwa moja. Jirani dhaifu ndiye anayetuua. Novemba 16, 2021 mabomu Kampala. Novemba 30 jeshi letu likaingia Kongo kuwafuata ADF, waasi wa Uganda waliojificha huko, operesheni wakaiita Shujaa. Na bado Juni 2023 wakavuka usiku wakaja Mpondwe, wakaua watu zaidi ya arobaini, wengi wao wanafunzi waliokuwa wamelala bwenini. Mimi nafundisha wilaya hii hii. Wanafunzi wangu wa bweni hadi leo wanauliza nani analinda mlango, na mlango wenyewe komeo lake ni kipande cha nondo.

Kongo ingekuwa na serikali inayofika hadi kwenye misitu yake, hao ADF wangejificha wapi? Msitukane utulivu wa mtu. Utafuteni wa kwenu. Vijana siku hizi mnawaza sente tu, historia hamsomi.

Dereva wa Elegu
Mwalimu umesema. Mimi nilikuwa Juba Julai 2016. Jeshi letu lilikuja na msafara kututoa, operesheni ikaitwa Okoa Wananchi. Nilipanda lori la jeshi na ufunguo wa lori langu mfukoni. Lori lenyewe lilibaki huko na tani 28 za unga, sijawahi kuliona tena. Ufunguo ninao, watoto wanauchezea.

Lakini niseme ukweli, hakuna mahali nimewahi kupata faida kama Juba. Nchi yenye vita hailimi, kila kitu inanunua, bei unapanga wewe. Nchi iliyotulia inapanga bei yenyewe na kukupima unyevu wa mahindi.

Na Kenya je? Januari 2008 wale walipopigana baada ya uchaguzi, waling'oa hata reli pale Kibera. Petroli Kampala ikawa kama dawa ya magendo. Niliegesha lori Malaba siku kumi na moja nikila chapati kavu.

Mluhya wa Busia
Haha, Dereva umetukumbuka. Sisi Wakenya na nyinyi tunagombania Migingo, kisiwa cha ziwani, mwamba hautoshi uwanja wa mpira, na bado kila asubuhi mnakunywa mafuta ya Mombasa. Hasimu wa hivyo mtampata wapi?

Mtu wa Ngara
Salamu kutoka Tanzania. Mlipogombana na Rwanda 2019, Wanyarwanda walikuja kununua kwetu kupitia Rusumo. Asanteni sana. Gombaneni tena.

Mama Bombo
Mwanangu wa Kabale, nimesoma yote haya ya Kisangani na Migingo. Wewe umeuliza Rwanda. Mimi nauliza sente. Sente za stoo ni za nani?

Mtoto wa Kabale (mleta uzi)
Asanteni kwa michango. Afande nimekuelewa. Dereva pole kwa lori. Mama, sente ni za familia.

Mama Bombo
Familia ina watu. Mtu gani?

Mtoto wa Kabale (mleta uzi)
Sawa mama. Ni za dada yangu mkubwa. Yuko kyeyo Saudia mwaka wa nne, kazi za ndani. Alikuwa anatuma kidogo kidogo tumjengee mama nyumba, zimefika milioni 38. Sasa mimi nimefikiria, nyumba ya mama haizai. Stoo inazaa. Stoo ikizaa miaka miwili nyumba tunajenga ya vyumba vitano badala ya vitatu. Hesabu iko wazi. Nilitaka tu uhakika wa upande wa usalama kabla sijamwambia.

Binti wa Kisoro
KABLA HUJAMWAMBIA??

Mwalimu wa Kasese
Nilisema. Sente tu.

Jogoo la Owino
Nilikuwa napita tu, sasa nimeweka mkeka kabisa. Nani ana karanga?

Fundi wa Katuna
Nilikuwa sitaki kuandika lakini huyu kijana anataka kuja kuwa jirani yangu. Nina vyumba nane vya kulala wageni pale Katuna, nilivimalizia 2018. Mwisho wa Februari 2019 wenzetu wa Rwanda wakafunga mpaka. Mwanzo tuliambiwa ni ujenzi wa kituo cha forodha, malori yazungukie Mirama Hills. Baadaye ikajulikana ni ugomvi: wao wanasema tunawakamata watu wao na kuwahifadhi wapinzani wao, sisi tunasema wametujazia wapelelezi. Njia za panya watu walipigwa risasi kwa sababu ya mizigo ya magendo.

Agosti 2019 marais wakatia saini Luanda. Hakuna kilichofunguka. Februari 21, 2020 wakaja wenyewe hapo hapo mpakani, Museveni, Kagame, na wale wa Angola na Kongo kama wapatanishi. Mimi nilikuwa nimepaka vyumba vyote rangi mpya, ya maziwa, na kununua mashuka. Wakapeana mikono wakaondoka. Mwezi uliofuata ikaja korona. Chumba namba tatu paka alizaa mara mbili juu ya yale mashuka. Geti likafunguliwa Januari 31, 2022, siku chache baada ya Muhoozi, mtoto wa Museveni, kwenda Kigali kuongea nao, na hata hapo walianza na malori. Sisi wenye vyumba tulisubiri tena.

Sasa sikiliza. Siku walipofunga, Rwanda ilikuwa imetulia kama ilivyotulia leo. Siku walipofungua, hivyo hivyo. Hapakuwa na risasi Kigali wala Kampala. Wewe unapima joto la nyumba ya jirani, na mimi kilichonila ni wakubwa wawili kutopigiana simu. Karibu miaka mitatu.

Mtoto wa Kabale (mleta uzi)
Mzee Fundi pole, lakini hiyo ilikuwa zamani. Sasa wanaelewana. Na mimi si vyumba, ni mahindi, wakifunga nauza Kabale.

Fundi wa Katuna
Mahindi utauza Kabale. Stoo utaibeba kichwani?

Mtu wa Ngara
Samahanini, mimi nimerudi juu nikasoma upya. Hii ni chai. Mleta uzi anasema alifika Katuna saa nne, halafu saa TATU na nusu yuko upande wa pili. Alivuka akirudi nyuma? Mtu aliyetunga hadithi angalau aangalie saa.

Jogoo la Owino
Hahahaha! Chai ya maziwa, kaisema mwenyewe!

Mwalimu wa Kasese
Nami nilianza kuona mashaka.

Dereva wa Elegu
Mwalimu hukuona chochote. Saa za Rwanda ziko nyuma yetu saa moja. Saa nne na nusu ya Katuna ni saa tatu na nusu ya Gatuna, ukuta kwa ukuta. Na ukivuka unahamia upande wa kulia wa barabara. Mara yangu ya kwanza nilisahau, nikakutana uso kwa uso na lori la mafuta, dereva wake akashuka akaja kunitazama usoni bila kusema neno. Huyu kijana amefika kweli. Mtu wa Ngara, wewe Rwanda iko mlangoni pako na hujui saa zao?

Mtu wa Ngara
Saa za Rwanda nazijua kuliko wewe. Nilikuwa nampima tu.

Jogoo la Owino
Haya, kafika. Wangapi wamefika Katuna na ni madalali? Tazameni vizuri. Akaunti ina siku mbili. Amekuja na vipimo, "dakika tano kutoka getini", malori kumi na saba. Anasubiri tuzoee, kesho aweke namba ya simu. Dada wa Saudia ni chumvi ya kutulainisha.

Binti wa Kisoro
Hapo kidogo umenigusa. Kaka, jibu.

Mtoto wa Kabale (mleta uzi)
Mimi si dalali! Mnanikosea sana. Nina mkataba wa mauzo hapa nyumbani, umegongwa muhuri na mwenyekiti wa kijiji (LC1), mashahidi wanne, nimelipa milioni 14 zimebaki 9. Dalali gani anayenunua kiwanja kwa mkataba?

Afande Mstaafu
Kwa hiyo umeshavuka mto. Ulikuwa unatuuliza daraja la nini?

Dereva wa Elegu
Haha, afande.

Mtoto wa Kabale (mleta uzi)
Sijavuka. Nimeweka tu ili wasimpe mwingine. Kulikuwa na mtu kutoka Mbarara anakitaka.

Fundi wa Katuna
Huyo mtu wa Mbarara hata mimi aliniharakisha 2016. Sijawahi kumwona mpaka leo.

Mama Bombo
Mwanangu, kwenye mkataba wameandika jina la nani?

Mtoto wa Kabale (mleta uzi)
Langu. Yeye hayupo mama, angetia saini vipi? Nitakuja kubadilisha akirudi.

Mwalimu wa Kasese
Mnaona? Hiyo ndiyo hali ya ukanda mzima. Aliye mbali anatuma, aliye nyumbani anaandika jina lake.

Mluhya wa Busia
Mwalimu leo umetoboa.

Mama Bombo
Mimi nina binti Oman, miaka saba. Kuna siku alinitumia picha ya mikono yake, hakuandika neno. Sabuni ya huko ilikuwa imemtoa ngozi kati ya vidole. Ile picha ninayo bado. Rwanda itulie, isitulie, mimi sijui. Mpigie dada yako.

Mtoto wa Kabale (mleta uzi)
Nitampigia mama. Simu yake inakaa kwa bosi siku za kazi, anarudishiwa Ijumaa tu. Ijumaa nitamweleza kila kitu.

Wakati tunasubiri, Mzee Fundi, wewe ni mwenyeji: mabati kwa stoo ya Katuna niweke geji 28 au 30? Ya 30 ni nafuu.

Fundi wa Katuna
28. Ya 30 upepo wa lile bonde utaikunja kama karatasi.

Dereva wa Elegu
28. Na uache mlango mpana, lori liingie kinyumenyume.

Mama Bombo
Leo ni Ijumaa, mwanangu.