Mrejesho: yale mabaka ya kipara na tiba ya mwanga

Asalam alaykum, mie yule wa Chake Chake, Pemba, niliyeuliza kama tiba ya mwanga inasaidia nywele zinazonyonyoka mabaka mabaka, bibi akishikilia ni mapunye kumbe kinga ya mwili wangu wenyewe ndo inashambulia mashina ya nywele. Basi nimehamia Dar kwa dada, mara mbili kwa wiki napigwa huo mwanga, lezeri ya nanomita 308 (ndo kipimo cha wimbi la mwanga wake), dakika hazifiki hata mbili, unavaa miwani tu, ngozi inaiva wekundu kama umeshinda juani pwani. Wiki ya kumi zikaanza kuota mashaallah, lakini nyeupe pee! Dokta kasema kawaida, rangi huja baadae. Baka la kisogoni bado gumu, halijatoa hata unywele.