Kaka ana hati ya kukamatwa, ajifiche au aende mwenyewe?

Wakuu, habari za jioni. Niko Makambako, naombeni ushauri kwa wanaojua mambo ya mahakama.

Kaka yangu ana kesi mahakama ya wilaya, aligombana na jirani kuhusu mpaka wa shamba la viazi. Yuko nje kwa dhamana. Siku ya kesi mwanawe alizidiwa, akalala naye wodini, hakwenda wala hakutoa taarifa. Juzi kaja mtu na karatasi kaikunja ndani ya daftari, anasema ni "samansi ya kukamatwa", tukimpa elfu themanini ataizima. Nimeona muhuri na jina la kaka tu, akaivuta. Sasa kaka analala kibandani shambani, na baridi hii ya Juni. Mama hali chakula. Tufanyeje?

Karani Mstaafu: Pole sana dada. Samansi ni wito: unaambiwa ufike siku fulani, unakwenda kwa miguu yako. Hati ya kukamatwa inaagiza polisi wamlete mtu. Iwe na saini ya hakimu, muhuri wa mahakama, jina lake na kosa kwa kifupi, na akiomba kuiona lazima aoneshwe. Hati hiyo haiishi muda. Inadumu mpaka itekelezwe au mahakama iliyoitoa iifute, kwa hiyo kibanda hakimsaidii. Mwenye daftari hana mamlaka ya kuifuta, msimpe hata mia.

Mdau wa Uyole: Mkuu, wakija kwa mama yao watapekua?

Karani Mstaafu: Kupekua mali kuna hati yake, ya upekuzi, na kwa kawaida hutekelezwa mchana, jua likiwa juu, labda mahakama iruhusu saa nyingine. Wakichukua kitu wanaandika stakabadhi. Ila kumtafuta kaka mwenyewe, wakiamini yumo ndani wanaweza kuingia. Mama asiwazuie.

Bibi Shamba: Mwanangu, wadhamini je? Nilimdhamini mdogo wangu akatoroka, nikaitwa nieleze kwa nini nisilipe fedha ya dhamana. Nilitetemeka pale kizimbani. Kaka yako awahurumie watu waliomwekea saini.

Karani Mstaafu: Kweli kabisa mama. Aende mwenyewe asubuhi na wadhamini wake na karatasi za wodini, amweleze hakimu, aombe hati ifutwe. Uamuzi ni wa hakimu, ila aliyejileta husikilizwa tofauti na aliyeletwa na pingu.

Mleta uzi: Asanteni sana. Nimempigia, anashuka usiku huu. Wadhamini wote wawili wamekubali, na karatasi ya mtoto kuruhusiwa ninayo mkononi.