Naomba ushauri: tuzo ya tawi lililojitangaza vizuri zaidi

Habari zenu ndugu. Niko Kampala, mratibu wa chama cha vijana chenye matawi wilayani. Mwaka huu tunataka kutoa tuzo kwa tawi lililotangaza kazi zake vizuri kuliko mengine, na kamati imenikabidhi kuandaa vigezo.

Shida yangu ni usawa. Tawi la Kampala lina vijana wanaojua kutengeneza mabango na video safi. Wenzao wa Arua, mji wa mbali kaskazini-magharibi mwa Uganda, wamechora tangazo la zoezi la kupanda miti kwa rangi ya mafuta kwenye ubao, wakaliegemeza stendi ya bodaboda, kisha wakazunguka sokoni na kipaza sauti wakitangaza kwa Kilugbara na Kiswahili. Watu walikuja, hata akina mama wauza mihogo. Nikihesabu waliopenda picha mtandaoni, Arua haipati kitu. Na tangu Facebook ifungwe hapa Uganda Januari 2021, wengi huingia kwa VPN (programu inayoficha mahali ulipo), kwa hiyo hesabu hizo siziamini sana.

Nafikiria kupima waliohudhuria, wanachama wapya waliobaki, na gharama iliyotumika. Lakini nitahakikishaje takwimu za tawi la mbali? Daftari la mahudhurio linatosha?

Halafu zawadi: ngao na cheti, au fedha za mradi unaofuata? Mimi naegemea fedha, ila mweka hazina anataka ngao.

Waliowahi kuendesha tuzo kama hizi, nisaidieni tafadhali. Sitaki vijana wa pembezoni wavunjike moyo.