MJADALA: Kejeli kwenye karata hapa Kigoma, ziachwe au zipigwe marufuku?

Mwanzisha mada

Wadau, habari za jioni. Naomba tuliongee hili kabla halijatuvurugia mashindano.

Wanaopita vijiwe vya Mwanga watakuwa wameshasikia. Juzi kwenye nusu fainali ya wahedi wa sitini, karata za wawili kwa wawili wanaosaka pointi 61, ile ya kugombea mbuzi, kijana mmoja alikula mzunguko wa mwisho kwa ree (karata ya A) ya shupaza, na shupaza ndiyo iliyokuwa turufu, rangi inayokata nyingine zote. Mpaka hapo hana kosa. Ila badala ya kuiacha ile karata mezani aliilamba, akainuka, akambandika nayo mzee wa upande wa pili kwenye paji la uso. Watu wakaangua kicheko. Mzee hakuitoa. Alihesabu karata za upande wake moja moja, akafika hamsini na tatu, akasema "mmetufunga", akachukua kofia yake. Ile karata ilidondoka yenyewe wakati anavaa viatu. Yeye na mwenzake wametuma ujumbe kwamba kijiweni hawarudi.

Waandaaji nao wametoa rasimu ya kanuni. Hakuna kuongea mezani isipokuwa kutaja turufu na kuhesabu. Hakuna kugonga meza. Mtazamaji akitia neno anaondolewa. Mchezaji akitoa kejeli ya aina yoyote, timu yake imetoka. Sasa vijiwe kadhaa vinasema kama ni hivyo, mbuzi wao wakamle wenyewe.

Mimi naona kanuni imepitiliza, ingawa kijana alifanya upuuzi. Kejeli ambayo mtu anaweza kuijibu kwa karata iachwe. Ukiniambia "leo umeshika magarasa matupu", yaani karata zisizo na thamani, nakusubiri, nakukata kwa turufu, tumemalizana. Lakini ukinitajia umri wangu, mke wangu, ngozi yangu au kazi yangu, nina karata gani ya kukujibu? Na kumgusa mtu mwilini halina mjadala kabisa. Huyo kijana achukue mtu mzima wa kwao waende kwa mzee wakaombe radhi, ndipo fainali ichezwe. Karibuni.

Mwisho wa Reli

Mkuu, karata bila maneno ni sawa na mgebuka usiotiwa chumvi. Mwaka 2024 Ziwa Tanganyika lilipofungwa tusivue, Mei 15 mpaka Agosti 15, sisi wa Kibirizi tulifanya nini? Wavu hauingii majini, taa zimewekwa ndani, mtu anadaiwa hela ya injini na ada ya watoto juu yake. Tulipiga karata kuanzia asubuhi mpaka giza. Na tulisemana! Kuna jamaa alifungwa mfululizo, tukamwambia atafute kazi ya kuhesabu mawe, karata zimemshinda. Alicheka mpaka akakaa chini. Hakuna aliyeshikana mashati. Yale maneno ndiyo yalikuwa yanatoa sumu kifuani. Wanyamazishe wavuvi wasio na kazi, uwape karata, uone kama hawatapigana.

Hata siku za mbalamwezi, dagaa hawafuati taa, tunakaa nchi kavu, mambo ni hayohayo. Waandaaji wanatuletea kanuni za chumba cha mtihani.

Bint Ujiji

Naona kijiwe mmeshakigawana wanaume peke yenu, sawa.

Mimi karata nimefundishwa na bibi mzaa mama, barazani Ujiji. Ikifika nusu ya mchezo alikuwa anajua seti (saba) ya kopa iko mkononi mwa nani na nani kaishiwa uru. Na alikuwa na maneno, msidhani alikuwa bubu. Ukitoa ree yako na yeye turufu anayo, haitupi haraka. Anakutazama, anauliza taratibu, "Mjukuu wangu, hiyo umeitoa kwa hiari yako?" Unasikia mwili wote umekufa ganzi. Hiyo ni kejeli na inauma, ila inahusu karata niliyoitoa, na mimi ndiye niliyeitoa.

Sasa nendeni kijiwe chochote mjini hapa msikilize. Mtu akitupa vibaya, neno la kwanza analopewa ni "unacheza kama mwanamke". La kwanza! Mwisho wa Reli, niambie hiyo nayo inatoa sumu kwa nani. Halafu mnauliza mbona akina dada hawajiandikishi.

Mwisho wa Reli

Dada, hapo umenishika. Hiyo tunaisema na huwa hatuisikii. Ila usiwape waandaaji silaha.

Mtani wa Kazeh

Mimi niko Tabora, naomba nichungulie. Huku kwetu utani tumeurithi. Mnyamwezi na Mzaramo wanaweza kutupiana maneno hata msibani na hakuna anayenuna. Babu zetu walikwenda pwani na misafara, wakapita nchi za watu, utani ukawa ndio pasi ya kusafiria. Kwa hiyo mtu akiniambia kejeli zote ni utovu wa adabu namwona hajakulia huku kwetu.

Lakini kuna jambo mnalisahau. Mtani ana haki kwa sababu na mimi nina haki hiyohiyo kwake, na kila mmoja anajua hivyo tangu mtoto. Simtanii mtu ninayekutana naye leo kituo cha treni. Yule mzee wa Mwanga hakuwa mtani wa kijana yule. Ni umri wa baba yake. Angekuwa babu yake, ningesema ni mjukuu anamchezea babu, yaishe. Baba na mtoto hawataniani namna hiyo, si Unyamwezini wala Uha.

Nami napinga kanuni ya kukaa kimya, ila swali la kwanza mezani liwe: tunataniana na nani? Kama hamjuani, anzeni na salamu, chezeni raundi mbili, ulimi utafunguka wenyewe.

Mha wa Kasulu

Mtani, umesema vizuri, ila ngoja niseme kinachoniuma mimi. Huko kwenye ligi za mtaa, ukimfunga mtu wa mjini, jibu lake ni "rudi Nyarugusu", yaani kule kambi ya wakimbizi. Au "onyesha kitambulisho kwanza ndiyo ugawe". Wote wanacheka.

Anayesema pengine hana ubaya. Lakini watu wa huku mpakani tumeulizwa uraia stendi, tumeulizwa ofisini, tumeulizwa kwenye basi mbele ya watoto wetu. Nikikaa kwenye karata nataka nipumzike na swali hilo. Na jamaa waliopo kambini kweli, nao ni watu, jina la mahali wanapoishi halipaswi kuwa tusi.

Kwa hiyo Mwisho wa Reli, wewe maneno yanakutoa sumu. Mimi yananirudishia.

Shupaza Kavu

Mnajadili maneno kana kwamba ndiyo dharau kubwa. Dharau kubwa ni ishara za kumpasha mwenzako ulichoshika, na hapa Kigoma wote tunajifanya hatuzioni.

Mtu akikuna sikio, ana ree. Akishika kidevu, ana seti. Akikohoa mara mbili, toa turufu. Wahedi wa sitini ni pointi 120, ree 11, seti 10, mzungu wa nne (K) 4, wa tatu (J) 3, wa pili (Q) 2. Ukijua mwenzako ana ree na seti za rangi moja umeshajua zilipo pointi 21, yaani zaidi ya theluthi ya 61 unazozitafuta. Huo si ujanja, ni wizi. Na anayeiba namna hiyo huwa mpole kweli, "samahani mzee", "asante mzee". Kanuni ya waandaaji ingempa zawadi ya nidhamu!

Kuna mchezo unaitwa bridge, wawili kwa wawili kama wetu, na Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki imeutambua tangu 1999. Mwaka 1975 kwenye ubingwa wa dunia uliochezewa Bermuda waliweka kwa mara ya kwanza ukuta mdogo juu ya meza ili mtu asimwone mwenzake usoni. Mashindano hayohayo Waitaliano wawili, Facchini na Zucchelli, wakashutumiwa kwamba wanapashana habari kwa miguu. Ikabidi chini ya meza nako kuzibwe. Mabingwa wa dunia hao, wamevaa suti! Sisi tunaokaa kwenye benchi moja na mtazamaji nyuma ya bega tunasema tuna shida ya kejeli?

Mwisho wa Reli

Shupaza, ishara ni sehemu ya mchezo tangu enzi za wazee. Na wewe ukiziona, si uzitumie? Mimi nakuna sikio bila kuwa na kitu, makusudi, wapinzani wahangaike.

Shupaza Kavu

Kama ni sehemu ya mchezo, mbona hufundishi upande wa pili maana yake kabla ya kugawa? Kitu unachokificha kwa mpinzani na kukiita sehemu ya mchezo, mkuu wangu, jiulize vizuri.

Na nimalizie kuhusu hao bridge, maana wana sheria ya adabu iliyoandikwa, namba 74. Haisemi watu wawe mabubu. Inasema mchezaji awe na heshima muda wote, asitoe maneno ya ovyo, na hata asiuvute mchezo bila sababu wakati anajua mizunguko yote iliyobaki ni yake, kwa lengo la kumvuruga mwenzake. Hilo la mwisho ndilo nalipenda. Mnamjua yule anayeshika turufu tatu za mwisho, anaanza kuwasha sigara? Hajatamka neno, lakini amekudharau kuliko aliyekuita garasa.

Mwalimu wa Gungu

Samahani wadau, ninyi mnachanga fedha, mshindi anabeba mbuzi. Hiyo si kamari? Qurani, Al-Maida aya ya 90, iko wazi, na serikali nayo ina Sheria ya Michezo ya Kubahatisha ya 2003 inayotaka leseni. Mnatafuta adabu ndani ya jambo ambalo lenyewe lina walakini.

Mwanzisha mada

Mwalimu, shikamoo. Mbuzi anachinjwa palepale na kuliwa na kijiwe kizima pamoja na waliofungwa, mshindi anachagua nyama kwanza, basi. Kama bado lina walakini, lianzishie mada yake, nitakuja kusikiliza. Hapa litatutoa njiani.

Nirudi. Shupaza amenigusa kwenye jambo moja. Hapa kwetu mtu akikutwa ana rangi aliyoikataa, yaani uru imetoka, anayo, akatupa pau, timu yake inapoteza mchezo mzima hata kama walikuwa na pointi 100. Hakuna anayelalamika. Hatusemi "alikuwa anatania". Maana yake kosa dhidi ya karata tumeliwekea adhabu kali, kosa dhidi ya mtu hatujaliwekea chochote, halafu ghafla tunataka kuliwekea kila kitu.

Kwa hiyo napendekeza adhabu iwe ileile. Kumgusa mpinzani, mchezo umepotea. Kutaja kabila, uraia, umbile, umri au familia yake, mchezo umepotea, pamoja na hilo la "kama mwanamke". Mha wa Kasulu, nimekuelewa, na la Nyarugusu nitalisoma kwa jina kwenye kikao, lisifichwe ndani ya neno "kabila". Kugonga meza, kumcheka mtu kwa karata aliyotoa, kumuuliza kama katoa kwa hiari yake, ruksa. Ishara tuzipunguze kwa kuwakalisha watazamaji mbali na kuweka mikono juu ya meza. Kuzimaliza hatutaweza, hata wenye suti walishindwa.

Mtani wa Kazeh

Nani atatoa hiyo adhabu? Mshika daftari? Mshika daftari wa Kigoma ni shemeji ya mtu.

Mwanzisha mada

Na wa Tabora je? Tuwe na mmoja kutoka kijiwe ambacho hakichezi siku hiyo.

Shupaza Kavu

Mikono juu ya meza sawa. Ila usiseme "kumcheka mtu kwa karata aliyotoa" bila mpaka. Kuna kijana anaanza kujifunza, akichekwa kila anapotoa anakimbia. Acheni kwanza ashinde hata mara moja.

Mwisho wa Reli

Hilo nakubali, mgeni wa mchezo apewe nafasi. Kugonga meza tu msiniguse. Nikiwa na ree ya turufu mkono unakwenda wenyewe.

Bint Ujiji

Gongeni mpaka ivunjike, hiyo hainihusu. Mimi nauliza fomu ya kujiandikisha iko wapi. Nina mwenzangu, naye kafundishwa barazani.

Mwanzisha mada

Dada, fomu hakuna. Mnakuja wawili, mnatoa mchango wa mbuzi kama wengine, mnaandikwa kwenye daftari. Kikao cha kanuni ni Jumamosi baada ya alasiri, palepale kijiweni, na wewe uje ukaseme hayo uliyoyasema hapa.

Kijana kuomba radhi naona hakuna aliyepinga. Ila la watazamaji bado. Aliyebandika karata ni mmoja, waliocheka ni kijiwe kizima, na huwezi kumnyang'anya mtazamaji mchezo ambao hachezi. Mwenye wazo la adhabu ya mtazamaji aliweke kabla ya Jumamosi.