Naomba ushauri: televisheni kuukuu na leseni ya NEMA (mamlaka ya mazingira ya Kenya)
Ndugu wanachama, nina karakana ya kutengeneza redio na televisheni hapa Nakuru, na nyuma yake pamejaa televisheni za zamani zenye mgongo mkubwa ambazo wenyewe hawakurudi kuzichukua. Vioo vyake vina madini ya risasi, kwa hiyo siwezi kukubali vitupwe katika jaa la Gioto, ambako watu huchakura taka kwa mikono mitupu. Wanunuzi wa vyuma chakavu hung'oa shaba tu, kioo wakakiacha. Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya 2022 inamtwika mzalishaji wajibu wa bidhaa yake hata inapogeuka taka, na hiyo ni haki kabisa. Lakini je, mimi fundi nahitaji leseni ya NEMA ili kuzisafirisha, na ni nani aliyeidhinishwa anayezipokea huku kwetu?